Mtamba wa Baba Mkwe

Niliolewa mara moja maishani mwangu, Jumamosi, saa nane mchana, huko Muyama, mbele ya kamera. Sikujua kwamba naolewa. Nilidhani naigiza.

Aliyetuingiza kwenye balaa hilo alikuwa kijana mmoja wa Kasulu mjini ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na kipaimara. Alikuwa na kamera moja, kofia iliyogeuzwa kisogoni, na imani kwamba Mungu alimleta duniani kwa mambo makubwa kuliko kipaimara. Alitaka tumwite Dairekta. Tukamwita, maana kumwita mtu jina alitakalo hakumpunguzii mtu kitu. Alisema amechoshwa na filamu za matajiri wa Dar wanaolia kwenye masofa. Yeye angetengeneza filamu ya kwetu, ya mapenzi ya vijana na uhalifu, ya kuchekesha lakini yenye maiti ndani. Hakuwa na mfadhili wala kampuni, hata taa hakuwa nayo. "Sisi ni wa kujitegemea," alisema, kwa majivuno ambayo sijayaona tena kwa mtu asiye na nauli ya kurudi kwao.

Hadithi yenyewe, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Kijana na binti wamemaliza kidato cha nne, wanapendana, kijana hana mahari. Binti anampa akili: mwibe mtamba wa baba yangu alfajiri, mfiche, mpake masizi, kisha umlete kuwa mahari. Baba anapokea ng'ombe wake mwenyewe na kumsifu: "Huyu ndiye ng'ombe, si kama yule wangu aliyeibwa!" Mchunga ng'ombe aliyeuona wizi wanamfunga kamba migombani, mapenzi yanawanogea, wanamsahau, anakufa. Siku ya harusi mvua inanyesha, masizi yanachuruzika, na baba mkwe anaanza kumtambua mtamba wake kiungo kwa kiungo.

Mimi nilikuwa binti. Msidhani nilikuwa na kipaji. Wenzangu wote walikatazwa na wazazi wao, na baba yangu hakukataza kwa sababu naye alipewa kuigiza baba. Mtamba alikuwa wake pia, yule mwenye pembe moja iliyokatika. Nafasi iliyokosa mtu kijiji kizima ilikuwa ya maiti. Watu waliokubali bila kusita kuwa wezi, walevi na mashahidi wa uongo walikataa katakata kufa. Uchuro huo, walisema. Ikabidi Dairekta afe mwenyewe, na alikufa vibaya, akipiga chafya na kutoa maelekezo.

Kijana aliyeigiza mpenzi wangu alikuwa jirani. Babu yake alivuka kutoka Burundi zamani, baba yake amezaliwa hapa, yeye mwenyewe amezaliwa hapa, uraia wanao, kadi za kupigia kura wanazo. Lakini kuku akipotea Muyama, watu hugeuza shingo kwanza kuelekea kwao. Hawasemi kitu. Wanageuza shingo tu.

Huyo ndiye Dairekta alimpa kazi ya kuiba ng'ombe, na jamani, hakuiweza. Alipomtoa mtamba zizini alimwomba radhi. Alipotakiwa kukimbia, alirudi kufunga mlango wa zizi ili ndama wasitoke. Dairekta alishika kichwa: "Wewe ni jambazi, bwana! Jambazi hafungi mlango!" Tulirudia mara sita, na mara zote sita aliufunga. Nilimpenda. Tulikuwa tumeanza mambo yetu kabla hata ya kamera kufika, na ile filamu ilitupa ruhusa ya kushikana mikono mchana kweupe huku baba yangu akitusifu kwa kuigiza vizuri.

Sasa niwaeleze kuhusu jembe. Kwetu, posa inapokamilika, upande wa mume huleta jembe jipya, shangazi wa binti hulipokea kwa mikono miwili, na wazee wa pande zote mbili huingiza mirija kwenye chungu kimoja cha pombe. Wakishavuta, mambo yamekwisha. Kanisa litafuata, ng'ombe waliobaki watafuata, lakini binti ana mume. Kila mtoto wa Muyama anajua hivyo. Dairekta, mtu wa mjini, alijua nusu.

Alitaka chungu kiwe cha maji yaliyotiwa majivu. Wazee kumi na mmoja aliowaalika wakamtazama. "Kijana," mmoja akamwambia, "sisi hatunywi uongo." Ikaletwa pombe ya kweli. Jembe likaletwa jipya, na baba wa kijana, aliyekuwa akiigiza baba wa kijana, ndiye aliyelileta. Shangazi yangu, dada yake baba, alivaa kitenge cha sikukuu. Halafu Dairekta, Mungu amsamehe, akapanda juu ya kinu ili aonekane, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Wazee wangu, fanyeni kama kawaida yenu. Msiigize."

Hawakuigiza. Walipiga makofi ya salamu, wakataja mababu, wakabishana kidogo kama ilivyo adabu. Shangazi akapiga goti, akalipokea jembe. Mirija ikaingia chunguni. Baba akamsifu mtamba wake mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, na wazee walipomaliza chungu wakaomba tena, kwa ajili ya filamu. Nilicheka nikiwa chini ya khanga. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani anakumbuka methali akiwa na miaka kumi na nane?

Wiki tatu baadaye jina langu likatoka kwenye orodha: nimechaguliwa chuo cha ualimu Kasulu. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimeusubiri ualimu tangu darasa la tatu, na kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kupita kidato cha nne. Nilinunua ndoo na kufuli, nikapanga sanduku. Siku nne kabla ya safari, baba wa kijana akaingia uani kwetu na wazee wawili.

"Mwakeye," wakasalimia. Wakakaa. Wakazungumzia mvua, maharage, barabara. Kisha: "Tumesikia mke wetu anasafiri. Tumekuja kumchukua kwanza."

Nilidhani ni utani. Nikamtazama baba ili tucheke pamoja. Baba, ambaye tangu filamu iishe alikuwa akitembea na ile fimbo ya baba mkwe, alikohoa na kusema jambo hilo ni la kuzungumzwa. La kuzungumzwa! Mimi, sanduku langu likiwa limefungwa!

Likapelekwa ofisi ya kijiji. Kijana alinifuata kisimani asubuhi ya kikao. Alisema si yeye aliyemtuma baba yake, na nilimwamini, maana hakujua kudanganya hata mtamba. Nikamwambia nampenda, na nikamwambia naenda chuo. "Wakiniozesha leo, chuo siendi tena. Unawajua."

"Sema lolote litakalokufikisha Kasulu," akasema. "Mimi nitanyamaza."

Kikaoni shangazi alitoa ushahidi kwa fahari kama mtu anayekula kiapo bungeni. "Nimelipokea kwa mikono hii. Mnataka nikatwe mikono?" Mzee mmoja akakumbusha kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na pombe je, iliyokwisha kunywewa? Kisha baba wa kijana akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mlipokea jembe langu," alisema. "Au majembe ya wengine hupokelewa kweli, na letu sisi hupokelewa kwa mchezo?"

Niliona wazee wakitazama viatu vyao, na nikajua kwamba kwa aibu ile wataniozesha. Ingekuwa mara yao ya kwanza kuitendea familia ile haki, na haki yenyewe wangeilipa kwa kunitoa mimi.

Dairekta aliitwa na kompyuta yake. Akaonyesha kipande cha jembe. Wazee wakajiona. Weee! Kesi ilisimama. Walivutana mbele ya kioo kidogo, wakacheka, wakaulizana nani alivuta mrija muda mrefu zaidi, na mmoja aliyekuwa ameinama chunguni akataka irudiwe kwa sababu hakuonekana uso. Ikarudiwa mara mbili. Nilipiga goti, nikaomba kusema.

"Dairekta, irudishe nyuma kidogo. Pale alfajiri."

Akairudisha. Pale kijana anamtoa mtamba zizini, anamwomba radhi, anafunga mlango.

"Baba, yule ni mtamba wa nani?"

"Wangu," baba akasema kabla hajafikiri. "Si unaona pembe?"

"Wazee wangu, nani amewahi kusikia binti ameolewa kwa ng'ombe wa baba yake mwenyewe? Kama jembe lile lilikuwa la kweli, basi na wizi ule ni wa kweli, na huyu si mkwe, ni mwizi, mnamwona kwa macho yenu. Kama wizi ni mchezo, na jembe ni mchezo. Havitenganishwi."

Mwenyekiti wa kijiji akapiga paja lake, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu aende tu huko chuoni," alisema, "akikaa hapa atatumaliza." Waliamua hakuna ndoa, kwa kuwa mahari ya wizi si mahari. Shangazi akalirudisha jembe akiwa amenuna, na kikaletwa chungu kingine, kwa sababu lililofungwa kwa pombe hutenguliwa kwa pombe. Baba wa kijana hakunywa. Alilibeba jembe lake begani akaondoka, na kijana akamfuata nyuma. Alikuwa amenyamaza kama alivyoahidi.

Niliondoka kwenda Kasulu nikijiona mwanasheria. Nilisimulia kisa kile bwenini mara nyingi, nikiiga sauti ya shangazi, na wenzangu waligaragara kwa kicheko. Sikuwahi kuwasimulia habari ya kisimani. Filamu nayo ilitoka. Dairekta aliipeleka Kibondo, kwenye banda la video, watu wakajaa hadi mlangoni, wakalia mtamba alipolowa mvua na wakacheka Dairekta alipokufa. Baadaye ikahamia kwenye simu. Kijana akipita gulioni watu walimwita kwa furaha tele, "Mwizi wetu!" Aliniambia kwa simu kwamba wanamtania tu. Nilimwambia ajivunie, ameshakuwa nyota.

Mwaka wangu wa pili chuoni, wiki ya mtihani wa mwisho, mwenyekiti alinipigia. Ng'ombe wa jirani amepotea, mwizi wamempata.

"Mmempataje?"

"Mwalimu, si wewe mwenyewe ulituonyesha?"

Nilipanda bodaboda mpaka Muyama bila hata kubadili sare. Nilimkuta kijana wangu ofisini, chini, mikono imefungwa kwa kamba ya manila, mdomo umevimba. Wazee walewale, mabenchi yaleyale. Sikupiga goti. Nilipiga kelele. Niliwaambia ni wajinga, niliwaambia ule ulikuwa mchezo, kila mtu anajua ulikuwa mchezo, mlikuwepo, mlikunywa!

Mwenyekiti alinisubiri nimalize. Hakuwa mjinga, hilo ndilo tatizo.

"Mchezo wote," aliuliza taratibu, "au wizi tu? Maana ulitufundisha hapa hapa kwamba havitenganishwi. Wizi ukiwa mchezo, hukumu yetu imeanguka, na jembe limesimama. Utakuwa umemwokoa mume wako, utamchukua leo mwende nyumbani, na chuo ndiyo basi. Hukumu ikisimama, huyu ni mwizi wa ng'ombe. Chagua, mwalimu. Sisi tunafuata maneno yako."

Mwosha huoshwa. Nilifungua mdomo. Ningependa kuandika hapa kwamba nilijibu papo hapo. Nilikumbuka kwamba mtihani ni kesho saa mbili. Nilikumbuka namba yangu ya mtihani, na kalamu mbili nilizoziacha juu ya kitanda. Nilikuwa nayakumbuka hayo wakati mtu niliyempenda ameketi sakafuni anavuja damu, na mdomo wangu ulibaki wazi bila kutoa kitu. Yeye alinitazama, akaona.

"Niliiba," akasema. "Mwacheni aende, ana mtihani kesho."

Yule asiyeweza kumtoa ng'ombe zizini bila kumwomba radhi! Alisema bila kukosea, mara moja, na wote walimwamini. Ndicho kipande pekee alichowahi kukiigiza vizuri.

Walimpa hadi jioni awe ametoka kijijini. Akaenda Kibondo. Ng'ombe alirudi mwenyewe siku ya Jumapili, matope yamemfika tumboni, na nasikia mwenyekiti alimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Hakuna aliyetumwa Kibondo kumrudisha kijana. Mimi pia sikwenda.

Mtihani nilifaulu.