Saa Sita za Angani

Mtaani walimwita Mama Tiketi, ingawa yeye mwenyewe ndege aliziona zikipita juu tu. Alikuwa akiuza tiketi kwenye ofisi ndogo iliyobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Abiria mwenye woga akikaa mbele yake, aliandika viwanja viwili vya ndege kwenye kompyuta, ikamletea umbali na muda wa kuruka, basi yeye huyo, anatabasamu: "Saa chache tu! Ukila, ukisinzia, umefika." Habari za kubadilisha ndege na kushinda kwenye mabenchi ya viwanja vya watu aliziacha mpaka mteja awe ameshalipa. Ndivyo alivyofundishwa kazi.

Dada yake alipoolewa ng'ambo, mama yao alilia hadi akasusa chakula. Mama Tiketi akamletea dawa ileile ya ofisini: "Mama, mbona ni saa sita tu?" Na kweli kompyuta ilisema hivyo, kwa ndege ya moja kwa moja. Ubaya ni kwamba ndege hiyo haikuwepo. Lakini mama alifuta machozi, akala, na tangu hapo akawa anawaringia majirani kwamba mwanawe yuko karibu kuliko wa kwao wanaokuja kwa basi. Nani angekuwa na moyo wa kumharibia?

Kisha mama akaugua, na hospitali wakasema akapumzike nyumbani. Mama Tiketi ndiye aliyemkatia dada yake tiketi: ndege tatu, na kulala njiani. Asubuhi dada alipopiga simu, furaha ikamponza. Akaropoka, "Mama, dada ameshapanda ndege!"

Mama akatazama saa ya ukutani. Akaomba gauni lake la bluu, akachanwa nywele, akataka mlango wa mbele uachwe wazi. Mchana akaanza kuuliza.

"Bado kidogo, mama."

Jua likageuka. "Ndege imechelewa, mama."

"Usimtetee mwenzio. Kama hataki kuja, si aseme?"

Hapo Mama Tiketi akapiga magoti kando ya kitanda, akayamwaga yote: ndege tatu, mabenchi, kufika kesho. Mama akamsikiliza, kisha akacheka kidogo, kicheko kilichomuuma binti yake kuliko kofi.

"Miaka yote hii ni saa sita. Leo ndiyo pamekuwa mbali?"

Akageukia ukutani. Hakuuliza tena, na jioni ile akakata roho.

Dada alifika kesho yake, miguu imevimba kwa kukaa. Alipoona watu wamejaa uani, sanduku likamponyoka. Walilia mpaka sauti zikakauka, ndipo akamshika mdogo wake mkono.

"Alinilaumu?"

"Wala! Nilimweleza safari ni ndefu, akaelewa. Akasema usikimbiekimbie, atakungoja."

Dada akashusha pumzi, akalala palepale sakafuni, kichwa mapajani mwa mdogo wake. Mama Tiketi alijichukia, lakini hakujitikisa, asije akamwamsha. Mlango wa mbele ulikuwa bado wazi.