Koti la Kwenda Ugenini

Mguu wa fundi ulikuwa kwenye pedeli ya cherehani, lakini roho yake ilishatangulia ugenini kwenye mechi ya kesho. Aliliona basi la mashabiki likikata kona, nyasi za wenyeji zikimeremeta, na straika wa timu yake, jezi namba tisa, akiukokota mpira polepole kama mtu anayetembea mawinguni. Sindano nayo ikamfuata.

"Baba watoto, unashona nini hicho?" mkewe akauliza.

Fundi akazinduka. Mgongoni mwa koti jeusi la mwalimu mkuu, kwa uzi mweupe, tisa kubwa ilikuwa imekaa barabara.

Mwenye koti naye huyo mlangoni. Fundi akajiona kwisha habari yake.

Mwalimu mkuu akalivaa, akajigeuzageuza kwenye kioo, kisha akamgeukia fundi.

"Basi linaondoka saa ngapi?"