Kushindilia Kahawa Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kwenye mashini ya kahawa nilimwaga vikombe kumi na vinne kabla mteja yeyote hajaonja. Hakuna aliyenituma. Nilivitazama tu, nikaona povu la kimoja limekolea kuliko la kingine, nikamwaga vyote viwili, nikaanza upya. Jeran, yaani msimamizi wa mkahawa, alisimama nyuma yangu, akatazama sinki, akasema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani: "Sitwayene Ngoie, bantu banaomba kahawa, weye unakunywesha sinki." Sitwayene, yaani mwananchi, ndivyo wanawake tulivyoitwa enzi zile.

Nawaandikia ninyi mnaotaka kuijua kazi hii. Nilistaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa kuwa mashini ilistaafu kabla yangu. Sikufundishwa na mtu. Nilichojua nilikipata kwa kuharibu, na nitasema niliharibu vipi.

Mkahawa wetu ulikuwa Kamina, karibu na stesheni. Mwenyewe alikuwa Madame, Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa. Asubuhi walikuja walimu na makarani, saa kumi wakaja maofisa wa Base, kambi ya jeshi, na wake zao. Nilianza kwenye kuosha vikombe, mwaka mzima. Nikahamishiwa kwenye kinu cha kusagia kahawa. Halafu mhudumu wa mashini akaolewa Likasi, na Madame akanipa nafasi yake kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu.

Kazi yenyewe ni hii. Unga wa kahawa unatiwa kwenye chujio, kibakuli cha chuma chenye matundu madogo, kilichoshikwa na mpini. Unaushindilia kwa kishindilio, chuma cha mviringo chenye kishikio kama cha muhuri, hadi uwe kidonge kigumu kilicho sawa juu. Unafunga mpini kwenye mashini, unashusha mkono mrefu wa springi, unauachia, na maji ya moto yanasukumwa kupita. Maji ni mavivu, yanatafuta palipo rahisi. Kama unga umelala upande, yanapita huko, na kahawa inatoka nyepesi, chachu. Ukibana kupita kiasi, inadondoka tone kwa tone, inakuwa chungu.

Yangu ilikuwa chachu asubuhi na chungu saa kumi. Madame aliniita.

"Ile ya asubuyi na ile ya saa kumi haiko kahawa moya," alisema. "Siku ya mwisho ya mwezi nitakunywa ya asubuyi, nitakunywa ya saa kumi. Kama haziko sawa, mashini inaenda Likasi kwa ndugu yangu, na weye unarudia ku vikombe."

Nililaumu kishindilio. Kilikuwa cha plastiki, kilikuja na kinu, nacho kilikuwa chembamba kuliko chujio. Kila nilipokandamiza, kiliacha ukingo wa unga mlegevu pembeni, na maji yalipita hapo. Kwa haki, nusu ya kosa ilikuwa yake. Nilifunga chujio kwenye kitambaa, nikalipeleka karakana ya reli kwa Papa Ilunga, fundi wa kukereza vyuma. Nilimwomba kishindilio cha kubana kabisa, hata unywele usipite.

"Piston njo inabanaka vile, mama," alisema, njo yaani ndiyo. "Weye unataka kukunywa kahawa ao kuendesha treni?"

Nilishikilia neno langu. Alikikereza kwa shaba ya manjano, kizito, chini bapa, kishikio cha mti mwekundu, kizuri hata nikaogopa kukigusa. Nilishindilia mara ya kwanza, nikakiinua, na kidonge chote kikapanda nacho kama kilichofyonzwa. Kikaanguka mezani mbele ya Jeran.

Nilirudi karakana nimeinamisha kichwa. Papa Ilunga hakucheka, na hilo ndilo liliniumiza. Alikipunguza kidogo kidogo mpaka karatasi ya daftari ikapita kati ya shaba na ukingo wa chujio. "Acha pumzi ipite," alisema. Kwa hiyo mkichagua chenu, chagueni kizito, chini bapa, kinachojaza chujio lakini kinachoacha nafasi ya karatasi.

Nilidhani yamekwisha. Kahawa ikaendelea kubadilika. Nikaomba mizani ya unga jikoni, nikawa nakandamiza juu yake wenzangu wakila, mpaka mkono ukazijua kilo kumi na tano bila macho. Bado saa kumi ilikuwa chungu. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilihesabu vikombe vya kuosha vilivyokuwa vikiningoja.

Siku hiyo Papa Ilunga alikuja kuona kazi yake. Aliegemea kaunta pamoja na maofisa, akanitazama. Nilishindilia, nikatazama. Niliona punje chache pembeni, nikagonga mpini ili zianguke, nikashindilia tena. Nikafuta, nikashindilia tena.

"Moya," alihesabu. "Mbili. Tatu. Mama, ile kahawa ilikukosea nini?"

Maofisa walicheka. Nilimwambia nataka iwe sawa.

"Ilikuwa sawa ku ya kwanza. Minyi nikiisha kupima chuma, siigusake tena. Nikigusa, njo naharibisha. Piga moya, funga."

Nilimkasirikia mpaka jioni, kwa kuwa alisema kweli. Asubuhi hakuna aliyekuwa akinitazama, nami nilikandamiza mara moja, kwa haraka, juu ya unga uliolala upande. Saa kumi macho ya maofisa yalinitia hofu, nami nikarudia, na kila marudio yaliubana unga zaidi. Shaba ya Papa Ilunga haikuwa na kosa lolote. Hofu yangu ndiyo iliyokuwa ndani ya kikombe.

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, nilisawazisha unga kwa kidole, nikakandamiza mara moja, nikafunga. Madame alikunywa, akarudisha kikombe kaunta. Kuanzia hapo mpaka saa kumi sikuketi hata kidogo. Nilifuta kaunta iliyokuwa safi. Jeran aliniomba niache, nikafuta kabati.

Saa kumi kaunta ilijaa, Madame akiwa katikati yao. Nilisawazisha, nikakandamiza. Punje tatu zilibaki kwenye ukingo. Niliziona. Mkono wangu ulikuwa tayari umekiinua kishindilio tena. Nilikiweka chini, nikafunga mpini na punje zake, nikashusha mkono wa mashini. Kahawa ikatoka uzi mwembamba, mzito kama asali.

Madame alikunywa mpaka chini. "Iko ile ya asubuyi," alisema, akaenda kusalimia wageni. Jeran alipita kuangalia sinki. Lilikuwa kavu.

Nilifanya kazi pale miaka minne zaidi. Kisha mpira wa kuzibia maji kwenye mashini ulipasuka, na mwingine haukupatikana. Madame akauza viti, akaondoka, akaniachia kishindilio. Nyumbani nachuja kahawa kwa kitambaa, haihitaji kushindiliwa.

Papa Ilunga naye amestaafu. Tukikutana sokoni ananiinulia kidole kimoja tangu mbali, kisha anauliza: "Mara ngapi?"

"Moya tu, papa," namjibu.

Kwa kahawa nasema kweli. Ukurasa wa kwanza wa maandishi haya nimeuandika mara sita, na nakala ya kwanza kabisa ndiyo niliyoitumia.