Nilidhani Kaka Amekunywa Maji

Bwana Mhariri, ficha jina langu, na ninyi mnaosoma, nawasihi maneno haya yasitoke vinywani mwenu. Nina miaka ishirini na miwili, ni karani katika boma moja la pwani ya Kilwa. Tangu watu wa milimani waanze kunywa maji ya dawa ili risasi za Wadachi zisiwadhuru, hapa hakuna anayemwamini mwenzake. Nami nimekuwa hivyo hivyo.

Naishi kwa kaka yangu, seremala. Alirudi kutoka Miteja na kichupa chenye maji ya rangi ya kahawa, akawa anakificha. Hali chakula vizuri, analala ukumbini peke yake. Mkewe aliniita pembeni: "Shemeji, waliokunywa maji wamekatazwa wanawake. Mwenzako hanisogelei, mwezi wa pili huu." Tukakubaliana kwamba amekunywa, na kwamba mtu asijue. Bomani nikasema kaka amesafiri kwenda Somanga. Karani mwenzangu akanicheka: "Amesafiri pekupeku? Viatu vyake naviona mlangoni kwenu kila siku." Tangu hapo namwogopa.

Kichupa kilipoisha, kaka alitetemeka, akatapika, akalowa jasho. Niliamini ni kiapo cha yale maji kinachomtesa, kwa hiyo sikuthubutu kumwita daktari. Siku ya tatu akaniambia mwenyewe: "Si maji, mdogo wangu. Ni kasumba, afyuni. Nilianza kwa maumivu ya mgongo. Afadhali yangekuwa maji, ningekunywa mara moja nikamaliza." Akanililia mpaka nikamtafutia nyingine.

Juzi adhuhuri nilimkuta hazinduki. Midomo imepiga weusi, pumzi ikija moja, ya pili inakawia. Tulimmwagia maji mpaka akafumbua macho. Shemeji alitaka tumpeleke kwa daktari saa ile ile. Mimi nikasema tungoje, si ameshaamka.

Jana ikamrudia. Shemeji hakuniuliza. Alitafuta majirani, wakambeba kwa kitanda mpaka bomani, nami nikaitwa kutafsiri. Daktari Mdachi akauliza amekunywa nini. Shemeji akasema kasumba, na kwamba juzi pia alizimia, nikatafsiri. Daktari akasema mtu wa kasumba akiitwa asiamke, hapo hapangojwi hata saa moja, angeletwa juzi. Nikatafsiri na hilo, shemeji akinitazama. Kisha daktari akanigeukia mimi: "Unamjua mtu huyu?"

Nikasema simjui. Karani mwenzangu alikuwepo. Alikohoa tu.

Kaka yu hai. Lakini bwana shauri, mkuu wa boma, anauliza mbona hakuonekana mtaani miezi miwili, anashuku alikuwa na waasi, na askari amewekwa mlangoni pa chumba alicholazwa. Maneno ya mkewe hayaaminiwi. Wa kushuhudia kwamba alikuwa nyumbani, mgonjwa, ni mimi niliyedanganya. Nikisema, huenda tukafungwa sote. Nikinyamaza, huenda wakamnyonga. Daktari amekataza asihojiwe kabla ya majuma matatu. Nafasi yangu ndiyo hiyo. Shemeji ananiwekea chakula, hanisemeshi.

Nishaurini, nifanye nini? Msiniandikie barua, zote hufunguliwa. Jibu lipigwe chapa katika ukurasa huu huu, lianze kwa maneno "Kwa ndugu wa seremala." Mfuko wa magazeti naufungua mimi, asubuhi, kabla mabwana hawajafika.