Mfereji Uliokauka Juu ya Boma

Siku ile siisahau, mwanangu, siku babu yangu Loishiye alipoimwaga pombe ya watu mbele ya macho yetu. Kaa vizuri unisikilize, na hiyo chai usiiache ipoe.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachumbiwa. Hii Arusha mnayoiona leo ilikuwa boma jeupe la Wajerumani, maduka machache ya Wahindi, na barabara moja iliyonyooka ambayo wafungwa waliifagia kila asubuhi. Migomba yetu sisi Waarusha ilianzia palepale nyuma ya maduka, ikapanda kuelekea mlima Meru. Wageni walikuwa wakituuliza kama huu ni mji au ni kambi. Mji ulikuwa Moshi, bwana! Gari moshi lilikuwa limeshafika kule, na kila kizuri kilitoka kule: shuka, chumvi, vioo, hata habari. Sisi tulikuwa kama mtoto anayevaa nguo za kaka yake, na vijana wetu waliona haya.

Kaka yangu Lemburis ndiye aliyezidi. Alipata kazi ya kuongoza magari ya kukokotwa na ng'ombe kati ya hapa na Moshi, basi akirudi kutoka huko hashikiki. "Huku kwenu kumelala," alikuwa akimwambia mama. Kwenu! Na kitovu chake kimezikwa hapohapo. Mama alicheka tu, maana alimpenda mno. Nami nilimpenda.

Sasa, migomba ile iliishi kwa mfereji. Wazee wa zamani waliuchimba kutoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu, ukashuka ukipita kila nyumba. Kila mwaka kabla ya kiangazi palikuwa na siku ya kuuzibua, na kila nyumba yenye zamu ya maji ilitoa mwanamume na jembe lake. Asiyefika alitozwa kibuyu cha pombe, wakanywa waliofanya kazi. Ilikuwa aibu kubwa. Mtu mzima kutozwa mbele ya wakwe zake, mh!

Lemburis akaja na ujanja wake wa safarini. Siku ya mfereji ikikaribia, alimwagiza mama apike pombe mapema ipelekwe asubuhi, yeye aende zake na magari. Faini ameshalipa, nani atamuuliza? Wenzake wakauona ni ujanja mzuri. Haukupita muda, vibuyu vikawa vinapangwa kando ya mfereji, na wenye majembe ni wazee watupu. Nao wazee, nisifiche, mwanzoni walifurahi. Walikunywa, wakaimba, wakachimba kidogo, wakarudi nyumbani wakiyumba.

Siku hiyo ninayokuambia, babu, ambaye ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji, alivitazama vile vibuyu kwa muda, akakiinua cha Lemburis, akakimwaga chote. Sisi wanawake tulishika midomo. Lemburis mwenyewe alikuwa amesimama hapo na fimbo ya ng'ombe mkononi, tayari kwa safari.

"Chukua jembe uingie," babu akamwambia.

"Babu, nimeshaleta pombe. Desturi si ndiyo hiyo?"

"Pombe yako itashika jembe? Nakutaka wewe."

"Magari yananisubiri, babu. Mwenyewe atanifukuza."

"Na akija mtu kuuliza mfereji huu ni wa nani, nimwonyeshe vibuyu?"

Lemburis akacheka, kwa adabu, hakuwa mtoto mbaya. Akasema, "Nikirudi, babu." Akaenda.

Kiangazi kikaingia. Mfereji ulikuwa umejaa udongo na majani, maji yanachuruzika kama jasho. Ndipo alipokuja mzungu mmoja aliyetaka shamba upande ule, akifuatana na bwana wa serikali na mkalimani. Waliufuata mfereji toka chini mpaka juu. Mkalimani akauliza nani anautumia. Babu akajibu, "Sisi."

"Ninyi akina nani? Wako wapi?"

Babu akageuka nyuma. Palikuwa na wazee wachache, mama, mimi, na wanawake wengine. Wenye nguvu zao walikuwa njiani kwenda Moshi. Yule bwana akaupiga teke ule udongo, akasema maneno yake, mkalimani akatugeuzia: mfereji umekufa, maji atapewa mwenye kuyatumia.

Labda wangeyachukua hata kama vijana wetu wote wangekuwa wamesimama pale. Wale watu hawakuhitaji sababu, na hilo nimeliwaza miaka yangu yote. Kinachoniuma ni kwamba sababu tuliwapa wenyewe.

Lemburis alirudi na shuka jekundu la mama. Mama akalipokea, akamshukuru, kisha akampeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha migomba. Majani yalikuwa yamekauka, yananing'inia hadi chini. Kesho yake kaka yangu alichukua jembe akaanza kuchimba, na magari hakuyafuata tena. Alichimba peke yake siku baada ya siku, mimi nikimpelekea chakula, toka kwetu mpaka juu kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini. Huko akakuta banio limejengwa upya kwa mawe, maji yote yamegeuziwa shamba la mzungu, na askari amekaa hapo analinda. Akarudi nyumbani, miguu imejaa vumbi tupu.

"Mama," akasema, "mfereji ni safi."

Mama alilia, mwanangu. Alilia mpaka majirani wakaja wakidhani tumefiwa.

Baadaye mama alihamia kwa kaka zake huko juu, na ile migomba ikafa yote. Lemburis aliishia kuwa kibarua wa mzungu yuleyule, kazi yake kuifungulia kahawa maji. Maskini kaka yangu. Alikufa hajawahi kuizungumzia habari ile, nasi hatukumuuliza.

Sasa sikia. Sikukatazi hiyo Dar es Salaam yako. Nenda, fanya kazi, mji mkubwa haujamla mtu kwa ukubwa wake. Lakini watu wako wakikuita, njoo wewe. Baba yako mdogo alipofariki ulituletea sukari gunia zima na mablanketi, tukashukuru sana. Ila kaburi lake walilichimba wazee, na kila mara walikuwa wakisimama kuvuta pumzi. Usitume kitu mahali unapotakiwa mwenyewe.

Haya, sogea. Inama nikutemee mate ya baraka, kama walivyotutemea sisi. Mungu akupe watoto, akupe ng'ombe, akupe uzee mwema. Na siku utakayoitwa na watu wako, ikukute una nguvu miguuni na huna neno la kumwambia anayekuita, ila "nimekuja".