Viganja vya Hina, Kope Nyeupe

Niliripoti kazini Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986, nikiwa mganga msaidizi na mama wa watoto watatu, katika kituo cha afya kusini mwa mji wa Tanga. Shule niliisoma ukubwani. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alininunulia saa yenye mshale wa sekunde, kwa kuwa mapigo ya moyo hayahesabiwi kwa kukisia. Mkuu wa kituo, Mganga Mfawidhi, alinipokea kwa onyo: "Bibie, hapa mgonjwa tunampenda, lakini maelezo yake tunangoja mwili uyathibitishe."

Bohari yetu ya dawa ilikuwa tupu, ilhali madukani, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, vidonge viliuzwa kando ya sabuni na viberiti. Kidonge kilichovuka mpaka bila karatasi nilikitazama kama mgeni asiyetaja ukoo wake.

Mwaka uliofuata, baada ya Idi, mwanamke wa Tongoni alimleta mkaza mwanawe, Mwanaisha. Binti alihema kwa mwendo mfupi tu, moyo ukimwenda mbio. Kwenye stetoskopu nilisikia mvumo, sauti ya damu ipitayo kwa kasi. Mvumo huweza kutoka kwenye moyo mbovu. Huweza pia kutoka kwenye damu iliyopungua. Mapafu yalikuwa safi, miguu haikuvimba, na alilala chali bila kubanwa na pumzi. Nikaushuku ule "ugonjwa wa moyo" walioniletea, nikasema huenda damu imepungua.

"Damu anayo," mkwewe alisema, akivinyoosha viganja vya binti. "Tazameni vilivyoiva!"

"Hiyo hina ya Idi, mama," Mganga Mfawidhi alijibu. "Bibie, funua kope."

Ndani kulikuwa kweupe kama tui.

Damu imekwenda wapi? Hedhi ilikuwa ya kawaida. Nikauliza rangi ya choo.

"Astaghafiru! Mtu mzima wewe, mbele ya mwanamume!" mkwewe alifoka, akimtazama Mganga Mfawidhi.

"Aibu tutaiona akishapona, mama," nilimjibu.

Mwanaisha alinong'ona: cheusi, chenye kunata kama lami. Hiyo ni damu iliyovuja tumboni na kumeng'enywa.

"Umemeza dawa gani?"

"Hakumeza kitu!" mkwewe alidakia.

Swali halikuwa lake. Nilimwomba atoke nje.

"Vidonge vya kichwa, dada," binti alisema tulipobaki bila yeye. "Kila siku. Mama mkwe anaviuza dukani kwake, mie hunipa bure. Ukimwambia, atasema nimemtangaza muuaji."

Vidonge hivyo, tumbo likiwa tupu, hula ukuta wake hadi kidonda kivuje damu. Tulivikataza papo hapo, tukampa rufaa ya kwenda mjini kuongezwa damu. Mkwewe aliposikia, alikunja mkono wa baibui: "Chukueni yangu. Mie mzima, vidonge sivigusi."

Nilifunua kope zake kwanza.

Nimestaafu sasa, na wanafunzi wa uganga hulalamika kuwa maswali yangu yanamvunjia mgonjwa heshima. Mwanaisha alipona, akazaa. Mkwewe, aliyempa damu yake, hakunisalimu tena hata tulipokutana sokoni. Nami sikuwahi kumwomba radhi.