Noeli Ambayo Yaya Alilala Jikoni

Mwaka ule wa corona, shule niliyofundisha huko Ngezi ilifungwa kabla ya Noeli, nikabaki nyumbani na mama na redio. Asubuhi redio ilitaja wagonjwa wa Kinshasa, mchana vijiji vya Djugu vilivyochomwa na waasi. Nilisikiliza yote. Moyo ulidunda hata nikiwa nimekaa.

Yaya, dada yangu mkubwa, aliishi Iga Barrière, huko huko Djugu. Tulipatana aje tule sikukuu pamoja. Kisha tukasikia kwamba huko kumepigwa risasi, na simu yake ikawa haipatikani. Siku ya tatu, mchana, pikipiki ilisimama mlangoni. Alishuka amejaa vumbi, na mfuko mmoja tu. Nilikimbia kumpokea. Akakohoa.

Nikarudi nyuma kabla sijafikiri. Mama alikuwa mzee, na kifua chake kilimsumbua tangu zamani.

"Ni vumbi ya njia tu," yaya alisema.

Nilimjibu kwamba sijui ni nini, kwa hiyo atalala jikoni, kile kibanda cha nyuma ya nyumba. Akachukua mfuko wake, akaenda. Mtu amekimbia bunduki, mimi nimemnyima kitanda.

Siku ya Noeli sikwenda kanisani. Nilipika wali na kuku, nikaweka sahani yake kwenye kizingiti cha jiko, nikageuka haraka. Ndipo mama akatoka na kiti, akakiweka uani, hatua nne toka mlango ule, akaniambia nilete changu.

"Weye, mutoto yangu, unakufa na woga na hausemi," alisema. "Sema yenye unaogopa. Siye tuko hapa."

Nikasema. Kwamba naogopa kumzika mama, naogopa njia ya Iga, naogopa yaya hatanisamehe. Nililia mbele yao bila haya. Kutoka jikoni yaya alisema taratibu kwamba hata yeye angemlinda mama hivyo hivyo. Kisha akatueleza alivyojificha siku mbili katika shamba la mihogo, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Tulikaa pale mpaka jua likapungua.

Kikohozi kiliisha baada ya wiki moja, na mama hakuugua. Yaya akahamia chumbani kwangu, maana njia ya kwao ilikuwa bado mbaya. Woga haukuniacha. Ila ukinishika, nilimtafuta mmoja wao, nikamwambia.